Barua kwa mwanangu: likizo usiiuze

Mwanangu,

Assalamu alaikum. Nimeona niandike, kwani kila nikianza kusema wanijibu "nimesikia, mama" na macho yako yako kwenye simu. Barua hii nampa mkeo aitie ndani ya begi lako. Uisome ukishatulia, hata kama ni angani ukielekea Doha kazini.

Arobaini ya babu yako imepita salama. Mazishini ulikuwepo, jeneza umelibeba, sina la kukuhadithia. Ila maneno ya watu pale matangani hayanitoki: "Mzee yule alikuwa baba wa mtaa mzima." Ni kweli. Nani Majengo hakukopeshwa unga akaandikwa daftarini? Na nyinyi wajukuu ndiye aliyekuwa akiwapeleka chuoni kusoma Qur'ani na kuwangoja nje mpaka mtoke. Lakini mimi siku ile nilikuwa nikimfikiria dada yangu wa Shihr, kule pwani ya Hadhramaut, Yemen. Habari ya msiba ameipata kwa simu. Alipomaliza kulia aliniuliza jambo moja tu: baba alikuwa akipenda kula nini?

Hili la dada yangu mlikuwa mkilisikia juu juu. Babu yako alitoka Shihr baada ya ile njaa ya 1948 na 1949 iliyoikausha Hadhramaut. Alipanda jahazi la kaskazi lenye tende na papa mkavu, akashukia Bandari ya Kale hapa Mombasa. Binti alimwacha hajaanza kutambaa. Nia yake ilikuwa arudi na kusi. Kusi ikaja, ikapita, na nyingine ikapita. Alianza na kuuza maji kwa mzegazega, debe mbele debe nyuma, kisha akashika dele la kahawa na vikombe, kisha duka. Akamuoa bibi yako, tukazaliwa sisi.

Usidhani alimtupa yule mtoto. Pesa zilikwenda kila msimu kwa mkono wa nahodha. Zikipitia Aden hazikuwa na haja ya kubadilishwa, kwa sababu shilingi yetu ya Afrika Mashariki ndiyo iliyokuwa hela ya kule mpaka 1965. Na pamoja na pesa, gauni, la kushonesha hapa hapa kwa fundi. Mwaka mmoja bibi yako alilichukua lile gauni akalitandaza juu ya meza ya duka, akalinyoosha mikono, akamuuliza: "Huyu binti yako ana miaka mingapi sasa?" Babu akaanza kuhesabu vidole, halafu akaacha. Gauni lilikuwa la mtoto wa miaka sita. Mwenyewe alikuwa ameshatimiza kumi na miwili.

Mwaka 1967 Mwingereza akaondoka kule, sultani wa Mukalla akaangushwa, na barua zikawa za taabu. Babu hakwenda mpaka Yemen mbili zilipokwisha kuungana, 1990. Dada alimpokea vizuri mno: mto wa kuegemea, maji ya kunawa, ubani, kahawa. Vizuri kama apokewavyo mgeni.

Sasa wewe. Najua Doha si Shihr, na utaniambia kuna video, mtoto atakuona kila siku. Mtoto wa miaka mitatu simu kwake ni katuni. Akichoka nawe atabonyeza atafute nyingine. Kwa hivyo nasema: likizo. Nimeuliza kwa waliofanya kazi huko. Sheria ya Qatar inampa mfanyakazi aliye chini ya miaka mitano kazini likizo isiyopungua wiki tatu kwa mwaka. Usiiuze, usichukue pesa badala ya kuja nyumbani. Wako wenzako wanaojisifu barazani kwamba hawajaonekana nyumbani tangu waondoke, kwamba pesa ya likizo imenunua kiwanja. Kiwanja hakimuulizi mtu baba yuko wapi.

Paspoti nayo kaa nayo mwenyewe. Sheria yao inamkataza mwajiri kuizuia, hata akikwambia anakuwekea tu isipotee. Na mshahara usikubali chini ya riyali 1,000, ndicho kiwango chao tangu 2021, mbali na chakula na malazi. Haya unayajua, cheti cha ufundi wa viyoyozi unacho, na mimi cheti kile nimewaonyesha hata wasioniuliza. Lakini kazi ile ya kwanza uliiacha kwa hasira, hukunishauri mimi wala mkeo, na ndiyo maana leo unaona hakuna mlango ila uwanja wa ndege. Na kama kuna siku nilikwambia mwanamume hakai nyumbani na cheti ukutani, siku hiyo bei ya unga ilikuwa imenichosha.

Likizo, mwanangu. Mwaka wa kwanza ndio wenyewe. Ukiuruka huo, wa pili utakuwa na sababu nzuri zaidi.

Mjomba wako analitaka daftari la madeni la babu, anasema kuna pesa za watu mle. Mimi nimemwambia asidai hata shilingi. Marehemu mwenyewe hakuwa akidai. Amenuna. Ukimpigia simu ya kuaga usiingie katika habari hiyo. Bati la jikoni bado linavuja pale pale ulipoliziba kwa lami, nimemwita fundi mwingine, usikasirike. Tokeni za stima ulizoninunulia zimeingia. Zikikaribia kuisha nitanunua mwenyewe, usianze kunitumia hela kabla hujalipwa.

Mwambie mkeo asisahau kitabu cha kliniki cha mtoto, anakitafuta na kimo ndani ya kabati langu, droo ya chini. Na ile ngazi uliyoiazima kwa jirani irudishe kabla ya Ijumaa, maana ukishaondoka nitakayedaiwa ni mimi.

Mamako