Wifi anasema alimshika mama mkono, lakini mle chumbani nilikuwepo mimi

Shangazi,

Nisamehe maneno yakikosa mpangilio, sijalala. Mume wangu anakoroma chumba cha pili, mimi nimekaa na karatasi walizoniachia, nakuandikia wewe badala ya kuandika wanachokitaka.

Ni habari ya mama mkwe. Mwaka unakaribia kutimia tangu tumzike, na wameamua kufanya kumbukumbu na kuchapisha kijitabu cha maisha yake, chenye picha. Kazi ya kukiandika wamenitupia mimi. "Wewe ndiye unayejua mambo ya mama," shemeji mkubwa alisema mbele ya wote, na hakuna hata mmoja aliyeinamisha macho.

Maana wasifu wa siku ya mazishi aliuandika mume wangu. Usiku ule aliniuliza kila kitu: mama alifunga ndoa mwaka gani, alianza lini kushona, kwao alikuwa wa ngapi, yule mtoto aliyefariki mchanga aliitwa nani. Mtoto wa kumzaa anamuuliza mkewe! Nikamjibu yote. Kesho yake nikasikia kwenye kipaza sauti: "Mama aliaga dunia kwa amani, akiwa amezungukwa na wanawe."

Amezungukwa, Shangazi. Na wanawe.

Mle chumbani tulikuwa wawili, mimi na yeye. Ilikuwa alfajiri, nimetoka kumgeuza, nikaona pumzi zinaachana: moja, kimya kirefu, halafu nyingine. Nikampigia mume wangu, alikuwa safarini, hapatikani. Nikampigia wifi mdogo, simu ikaita mpaka ikakatika. Basi nikaiweka chini nikamshika mama. Leo wifi huyo huyo ndiye anayewasimulia watu alivyomshika mama mkono hadi mwisho. Nimemsikia kwa masikio yangu, na machozi yanamtoka ya kweli, haigizi. Nadhani ameshaamini.

Mimi sitaki sifa. Sikumuuguza ili nitajwe, na anayesema hivyo ananionea. Unaijua kazi ile. Kiharusi kilimpiga upande wa kulia, akawa wa kulala. Ni kumgeuza kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, ili mgongo na visigino visitoke vidonda. Ni kumlisha akiwa ameketi wima, kidevu kimeinama, kijiko kidogo kidogo, kwa sababu maji yakipita njia ya hewa yanaweza kumletea nimonia. Maneno yalimpotea. Kuomba maji hakuweza, lakini ukimwanzishia wimbo wa zamani aliuimba na maneno yake yote. Daktari alisema usemi na wimbo havitoki sehemu moja ya ubongo. Basi tukawa tunaimba, mimi nina sauti mbaya, na nadhani alikuwa ananicheka.

Wanawe walipokuja walipiga naye picha, wakaniuliza mimi "anaendeleaje" kana kwamba mwenyewe hayupo, wakaaga kabla ya saa ya kumbadilisha nguo. Si kwamba hawakumpenda. Walituma pesa, siwezi kusema uongo, dawa hazikukosekana hata siku moja. Lakini kuzungukwa?

Na yeye alikuwa mama hasa. Mwanzoni hakunipenda, hilo nalo silifichi. Aliniambia wazi kwamba mwanawe angeweza kupata bora zaidi. Lakini alikuwa mtu wa haki. Baba mkwe alipokosa kazi, mama aliwasomesha wote kwa cherehani, sare za watoto wa watu usiku, zao wenyewe mwisho kabisa, kwa vitambaa vilivyobaki. Alikuwa na daftari la madeni ya wateja, na kurasa za nyuma aliandika siku za kuzaliwa za watoto, wajukuu na wakwe. Yangu imo, kwa mwandiko wake. Watoto wakigombana aliwaita wote wawili, akafunga mlango, akaendelea kushona bila kusema neno mpaka mmoja achoke kunyamaza. Sasa hajatimiza mwaka kaburini na wawili hawasalimiani kwa sababu ya cherehani hiyo hiyo, ambayo hakuna anayejua hata kuitunga uzi.

Haya yote nimeyaandika kwenye kijitabu chao, na nimeyaandika vizuri. Nimekwama ukurasa wa mwisho. Jana wifi alinitumia ujumbe: usisahau pale pa amezungukwa na wanawe, watu walilia sana pale. Mume wangu nilimwambia, akanijibu, "Wanawe ni pamoja na wewe, mbona unatafuta maneno?" Kama ni pamoja na mimi, mbona kwenye wasifu wake wanawe walitajwa mmoja mmoja kwa jina, na sisi tukawa "wakwe"?

Sasa niiandike sentensi ile kwa mkono wangu mwenyewe? Nikiandika ukweli, kwamba alikufa mikononi mwa mke wa mwanawe, nitamnyang'anya wifi kitu kinachomfanya alale usiku, na mama asingenisamehe kumliza kitinda mimba wake. Au angenisamehe? Uongo hakuupenda kabisa, lakini makosa ya wanawe aliyafunika kuliko mtu yeyote ninayemjua. Nilijaribu kuandika "aliaga dunia nyumbani" basi. Nikafuta, maana hapo pia simo, na safari hii nimejitoa mwenyewe. Lakini nimeshakwambia jina langu silitaki mle. Ninachotaka ni lile neno la kuzungukwa litoke. Au libaki, ila mume wangu aniambie, tukiwa wawili tu, kwamba anajua si kweli. Hajawahi kuniambia. Hata asante ya siku ile sijaisikia, alifika akapita kwenda kumwona mama.

Tafadhali usinishauri niwaite tukae tuzungumze. Aliyekuwa anajua kutukalisha ndiye tuliyemzika. Na juzi tu wamesema baba hawezi kuendelea kukaa peke yake, wakanyamaza, wote wakanitazama. Sijakataa. Hilo nitakuandikia siku nyingine.

Ukichapisha barua hii, yaondoe ya cherehani, watanijua. Ama yaache, nimechoka kuficha. Ila nijibu upesi, shemeji anataka karatasi ziwe kwa mpiga chapa kabla ya mwisho wa wiki.

Mimi, mke wa mwanawe