Shoga, tumekwenda kuchuma matufaha

Minneapolis, Marekani, Oktoba

Shoga yangu mpenzi,

Salaam nyingi. Natumai wewe na wa nyumbani kwako mu wazima. Sisi huku hatujambo, ila baridi imeshaanza na majani ya miti mtaani kwetu yamegeuka mekundu.

Jumamosi iliyopita nilikukumbuka wewe na kaka yako wa Soni, kule Usambara, na mtufaha wake anaotaka kuukata kwa kuwa hauzai, kutwa nzima, maana tulikwenda kuchuma matufaha. Huku ikifika Septemba watu hubeba watoto wao wakaenda mashambani kuchuma wenyewe. Unanunua mfuko mlangoni, ujaze usijaze shauri yako. Baba watoto aliposikia hivyo akagoma palepale: "Yaani nimlipe mtu ili nimvunie shamba lake?" Watoto walikuwa washaingia zamani, akabaki hana la kufanya ila kutoa pesa.

Ungeiona miti yenyewe! Mifupi, ukinyoosha mkono karibu unafika kileleni, na imezaa mpaka matawi yamefungwa kwenye waya yasivunjike. Nikadhani bado ni michanga. Mzee mwenye shamba akaniambia la, kila mti umebebeshwa juu ya shina la aina nyingine linaloudumaza, ili watu wachume bila ngazi. Mbegu hawapandi, kwani ukipanda mbegu ya tufaha tamu hujui utakuja kuvuna nini.

Kijana wetu mkubwa alilirukia tunda la kwanza akalivuta kwa nguvu zake zote. Likaja na kijitawi chake, na mengine yakaporomoka chini. Nikajua leo tunafukuzwa. Mzee wala hakumfokea. Alimpa tunda lingine mkononi, likiwa bado mtini, akamwambia alikumbatie kwa kiganja, aliinue juu, alizungushe kidogo. Likiwa limekomaa linaachia lenyewe. Kile kijitawi kifupi ndicho kitakachobeba maua ya mwakani, ukikivunja umeshapoteza na mavuno yajayo. Basi mtoto akawa mwalimu wa familia, hata baba yake akakosolewa.

Mfuko tulijaza zaidi Honeycrisp, aina iliyotolewa na Chuo Kikuu cha hapa Minnesota mwaka 1991. Ukiling'ata linapasuka kwa mlio, maji yanakuchuruzika hadi kwenye kiwiko. Lakini mimi nililolipenda ni Haralson, la mwaka 1922, chachu hasa. Nimelila kwa chumvi na pilipili kama embe bichi, baba watoto akanitazama akatikisa kichwa. Pale pa kutokea wanauza juisi ya matufaha ya moto yenye mdalasini. Wanaiita saida, nami niliuliza mara mbili kama si pombe ndipo nikanywa. Tamu! Donati zao ni maandazi yetu, ila iliki hakuna.

Sasa la kaka yako. Nilimweleza mzee kuhusu ule mtufaha wake unaochanua kila mwaka halafu hauzai. Swali lake la kwanza: "Una mwenzake?" Kumbe mitufaha mingi haijitoshelezi, inataka chavua ya mtufaha wa aina nyingine unaochanua wakati mmoja nao, na nyuki wa kuileta. Hata akipanda miwili ya aina ileile haitasaidia. Kwa hiyo shoga, mwambie ashushe panga kwanza.

Na asiniagize miche ya Honeycrisp. Mti huo lazima ulale miezi kadhaa kwenye baridi kali ndipo uchanue vizuri, na baridi ya Usambara, pamoja na kututetemesha kote kule, kwake ni cha mtoto. Aulizie Anna, aina iliyotoka Israeli isiyohitaji baridi nyingi. Wakulima wa Kenya na Uganda wanaipanda huko milimani. Mwenzi wake anaitwa Dorsett Golden. Achukue miche iliyobebeshwa, asije akafukia mbegu za tufaha la dukani akangoja miaka bure.

Muulize pia maua yake yanapukutika yenyewe, au vitunda vinashika kwanza ndipo vinadondoka? Mzee anataka kujua, na kanipa namba yake ya simu nimpigie nikipata jibu. Usichelewe kunijibu kama kawaida yako.

Wasalimie wote, na Bi Mkubwa umshikie miguu.

Wako,
Mama Wawili