Salamu za Idd, na dumu la mzee wetu

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Kwa niaba ya wenzangu wa kikundi chetu cha usafi na upandaji miti, hapa kandokando ya hori ya Tudor, mkono wa bahari ulioingia nchi kavu, Mombasa, nawatakia nyote Idd njema. Kullu aam wa antum bikheir. Mwenyezi Mungu atutakabalie saumu zetu, visimamo vyetu na dua zetu, awaponye wagonjwa wetu, awarehemu waliotutangulia, na atujaalie kuufikia mwezi kama ule mwakani tukiwa wazima. Majirani na wanakikundi wenzetu Wakristo mlio katika Kwaresima, nanyi Mungu aukubali mfungo wenu na awafikishe Pasaka kwa salama.

Mwaka ulikuwa mgumu. Sina haja ya kumweleza mtu aliyenunua unga, sukari na mafuta ya kupikia Ramadhani hii. Wapo waliofuturu kwa tende na uji, wakashukuru. Sisi wa kikundi kilichotubana zaidi ni maji. Mabomba yalikauka wiki kwa wiki, na maji ya mkokoteni yakapanda bei hata ikawa ni haya kumwendea mama mwenye watoto watano ukamwambia atoe nusu dumu kwa ajili ya mche wa mkungu. Wengine walitoa. Siwataji, kwa kuwa wao wenyewe hawapendi kutajwa, lakini Mola anawajua mmoja mmoja.

Na mwezi wa Shaabani tukampoteza mzee wetu wa miti. Aliyewahi kupita njia ya msikitini baada ya Alfajiri anamjua: kikoi, kofia, na dumu la manjano la lita 20 lisilo na kifuniko, limefungwa kamba ya katani. Yeye ndiye aliyetufundisha kuitoboa chupa ya plastiki kwa sindano, kuizika kichwa chini kando ya mche, maji yashuke tone kwa tone mpaka mizizini. Chupa tuliyoiokota mtaroni asubuhi, jioni ikawa inanywesha mti. Zile tairi kuukuu zilizopakwa rangi pale kona, zenye miasumini ambayo wasichana wetu wameichuma jana kwa ajili ya Idd, ni kazi ya mkono wake.

Tulipokwenda horini mara ya kwanza, tulipanda mikoko mbele kabisa, kwenye matope yaliyo wazi, kwa sababu hapo ndipo palipokuwa na nafasi na picha zilitoka vizuri. Bamvua la kwanza tu, maji makuu ya bahari, liliing'oa. Tulirudi tukakuta vijiti vyetu vimetapakaa ufuoni pamoja na takataka. Mzee hakutusuta. Alivua makubadhi, akatutembeza matopeni maji yalipotoka, akituonyesha aina za mikoko: mlilana unavyokaa mbele kuikabili bahari, mkoko wenyewe ukafuata, mkandaa nyuma yake, na mchu ukaja mpaka mpakani mwa nchi kavu. Kila mmoja na mahali pake. Tangu siku ile hatujapanda horini bila kwanza kuangalia ni mti gani umeota hapo wenyewe.

Mfano alioupenda ni wa Bamburi. Yale yalikuwa machimbo ya saruji, jiwe tupu la matumbawe, jua linachoma juu na chini. Miti ilianza kupandwa 1971, na mvinje ndio uliokubali. Leo hapo ndipo Haller Park, watoto wetu wanapelekwa kutazama twiga na viboko. Kila kijana aliyelalamika kwamba mche wake haukui, mzee alimwambia ahesabu miaka tangu 1971.

Nayakumbuka haya kwa sababu nchi yetu sasa ina hamu kubwa ya kupanda. Tumejiwekea lengo la miti bilioni 15 kufikia 2032. Tarehe 13 Novemba 2023 tulipewa siku ya mapumziko tukapande, na tarehe 10 Mei 2024 tukapewa nyingine, mafuriko yakiwa bado yanasumbua watu. Ni heri, na sisi tulishiriki zote mbili. Ila katika kazi hii sijaona mche uliokufa siku ya kupandwa. Siku hiyo watu ni wengi, maji ni mengi, na kila mtu ana jembe. Mche hufa wiki ya sita, kaskazi inavuma, udongo umepasuka, na hakuna aliyekumbuka kupita.

Na hapa niseme la moyoni, mnisamehe. Mzee alipopelekwa hospitali aliniita mimi. Aliniomba niiangalie miarobaini minne ya njia ya shule mpaka atakaporudi. Nikamwambia inshaallah. Niliisema ile inshaallah tunayoisema ulimi ukiwa mwepesi na nia haipo. Siku ya kwanza nikachoka kazini, ya pili nikasema kesho, ya tatu sikumbuki nilisema nini. Siku tuliyomzika, nikitoka makaburini, nilipita njia ile na kanzu yangu ikiwa bado na udongo. Miwili ilikuwa imekauka, ukiikunja inakatika. Nimefunga mwezi mzima na miti ile miwili. Kila imamu aliposoma aya ya amana katika tarawehe, niliiona.

Ndugu zangu, dini yetu haikutuacha gizani katika jambo hili. Mtume wetu, rehema na amani zimfikie, ametufundisha kwamba apandaye mti, akala humo ndege, mtu au mnyama, huandikiwa sadaka. Ametufundisha kwamba hata Kiama kikisimama na mmoja wetu ana mche mkononi, akiweza aupande. Ametufundisha kwamba kuondoa la maudhi njiani ni katika matawi ya imani. Tunayasikia haya katika darsa za Ramadhani, macho yanatulowa, kisha tunatoka mlangoni na kuitupa chupa ya maji mtaroni! Ni futari ngapi za sadaka mwezi huu zilizoacha sahani za plastiki zikipeperuka barabarani mpaka usiku wa manane? Aliyelisha atapata thawabu zake kwa Mola wake. Na yule aliyezolewa nyumba na maji kwa sababu mtaro uliziba, atamdai nani?

Tangu tarehe 28 Agosti 2017 mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku, tuliona wenyewe mtaa unavyoweza kubadilika. Miti iliacha kuota mifuko. Lakini mifuko iliondoka kwa kuogopa faini na jela; chupa hazina wa kuogopewa, na zimechukua nafasi yake. Masika yako mlangoni. Mvua za El Niño za mwisho wa 2023 hatujazisahau, magodoro yalianikwa ukutani wiki nzima. Wazazi, leo watoto wana nguo mpya na mkono wa Idd mfukoni. Watanunua soda, aiskrimu na baluni, na ni haki yao. Waambieni chupa irudi nyumbani. Vijana mtakaokwenda kiwanjani jioni, mkiondoka tazameni nyuma. Na ninyi mtakaofunga Sita ya mfungo mosi, zile siku sita za mwezi huu wa Idd, kila siku ya saumu nendeni na kopo moja la maji kwenye mti wowote, uwe wenu au usiwe.

Kikundi kitaanza tena Jumamosi ya kwanza baada ya Idd, baada ya Alfajiri, tukutane nyuma ya msikiti. Tutazibua mtaro wa njia ya shule kabla mvua haijaja, na tutapanda miarobaini miwili mahali pa ile iliyokufa. Mashimo nimeshayachimba. Dumu la mzee liko palepale alipoliacha, karibu na birika, kamba yake haijafunguliwa. Tangu Ramadhani ianze huwa nalikuta limeshajazwa nikifika, na sijui ni nani anayenitangulia. Kama unasoma hapa, ndugu yangu au dada yangu, Allah akulipe kheri.

Idd Mubarak kwenu nyote na jamaa zenu.

Katibu wa kikundi