Zuio la ujenzi nalo lilipiwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie jambo ambalo mijadala yetu ya fidia ya ardhi huliruka, nalo ni gharama ya kungoja.

Mradi wa Mji Mpya wa Kigamboni ulipotangazwa mwaka 2008, wakazi wa Mjimwema, Vijibweni, Kibada na kata jirani walizuiwa kuendeleza maeneo yao. Miaka ikapita, mji haukuonekana. Nyumba zilizokuwa zimefika kwenye lenta zilibaki hivyo hivyo, nondo zikishika kutu, na mwenye nyumba hakuweza kuongeza chumba cha kupangisha wala kuiweka dhamana, kwa kuwa benki gani itakopesha juu ya nyumba inayosubiri kubomolewa?

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka fidia iwe kamili, ya haki na ya wakati, na inahesabu bei ya soko, usumbufu, usafiri, makazi, hata faida iliyopotea. Lakini hesabu hiyo huanzia kwa mthamini, si siku mwananchi alipoambiwa asimamishe ujenzi. Kipindi cha katikati hakina mlipaji, ndiyo maana zuio hutangazwa kwa wepesi: halihitaji bajeti.

Ardhi yenyewe haikungoja. Daraja la Kigamboni lilipofunguliwa Aprili 2016, bei za viwanja zilipanda. Lilijengwa kwa fedha za Serikali na za NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, yaani michango ya wafanyakazi, ila ongezeko la thamani lilimwendea zaidi aliyekuwa na akiba ya kununua wakati wa hofu na kukaa kimya. Aliyebanwa na ada au matibabu alikwisha kuuza, pengine kwa karatasi ya serikali ya mtaa tu. Wala sidai palikuwa na njama. Mwenye mtaji anaweza kusubiri, asiye nao hawezi.

Wataalamu wa mipango miji watasema kwamba bila zuio watu hupandikiza miche na vibanda usiku ili vihesabiwe. Ni kweli, wapo. Basi zuio libaki, lakini tangazo lake litaje tarehe ya ukomo na libandikwe katika kila ofisi ya serikali ya mtaa. Tarehe ikipita bila malipo, zuio life lenyewe, na muda wote wa kungoja ulipiwe riba kama inavyolipiwa fidia iliyocheleweshwa.

Mkazi wa Kigamboni,
Dar es Salaam