Mdogo wangu, manga isome kwa Kijapani chenyewe

Mdogo wangu,

Marahaba. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili: mara ya kwanza ndani ya daladala, nikaambulia honi tu, mara ya pili usiku nyumbani. Umeuliza manga, yaani vitabu vya hadithi za picha vya Japani, zilizoandikwa Kijapani chenyewe mtu anazipata wapi akiwa huku kwetu. Nakujibu hapa hadharani kwa sababu hauko peke yako. Wengi wananiuliza hilohilo, na wengi wanakata tamaa kabla hata ya kushika kitabu cha kwanza.

Najua ulikoanzia. Ni ile Noah ya mjomba. Kila akiiwasha, sauti ya mwanamke kwenye dashibodi inasema "ETC kaado ga sounyuu sarete imasen", na wewe, mtoto wa darasa la tano, ulikuwa unaifuatisha neno kwa neno bila kujua inasema nini. Sasa unajua: kadi ya kulipia barabara haijaingizwa. Ulivyoitamka siku zile ndivyo inavyotamkwa hasa. Kijapani kina irabu tano, zilezile zetu, na silabi zake karibu zote huishia na irabu kama za kwetu. Mlango ulikuwa wazi tangu zamani.

Kabla ya maduka, niruhusu niseme kwa nini nimefurahi kwamba umechoka na manga za Kiingereza. Angalia jinsi ndugu wanavyoitana kwenye manga za Kijapani. Mdogo wa kike anamwita kaka yake "oniichan", kwa kawaida hamwiti kwa jina hata akiwa amemkasirikia. Mtoto akikutana na mwanamume mtu mzima barabarani, asiyemjua kabisa, anamwita "ojisan", kama sisi tunavyosema mjomba. Mzee ni "ojiisan", babu, hata kama si babu yake. Katika tafsiri nyingi za Kiingereza heshima hizo zinafutwa, na mdogo anamtaja kaka yake jina tupu. Wewe ukisoma unahisi kuna kitu hakijakaa sawa, ila hukijui. Ukisoma Kijapani unakuta nyumba inayofanana na yetu.

Halafu kuna sauti. Nina ukurasa mmoja nimeuwekea alama miaka mingi. Mvulana anarudi kutoka shule, anafungua mlango, anaita, hakuna anayeitika. Picha nzima ni korido na viatu viwili sakafuni, na juu yake, kutoka pembe hadi pembe, maandishi makubwa: "shiiin". Hiyo ni sauti ya kimya. Nilipoiona mara ya kwanza sikuhitaji kamusi, maana bibi alikuwa anatusimulia vivyo hivyo: "nyumba kimya, jiii!" Manga zimejaa tanakali za sauti. Mvua kubwa ni zaa zaa, moyo wa mwenye hofu au mwenye mapenzi ni doki doki, mtu akitumbukia majini ni dobon, na hapo sisi tunasema chubwi. Aliyelala fofofo analala guu guu. Anayezungumza lugha ya kigeni bila kukwama, pera pera. Ukitoka Kijapani kwenda Kiswahili unavuka mtaa tu, ukipitia Kiingereza unazunguka mji mzima na njiani unadondosha mizigo.

Basi, maduka.

Anza na simu yako, usianze na karatasi. Duka ninalolitumia zaidi ni BookWalker la kampuni ya Kadokawa. Lina tovuti mbili, ya Kiingereza na ya Kijapani, kwa hiyo hakikisha anwani ni bookwalker.jp tupu, isiyoanza na "global", la sivyo utarudi kwenye tafsiri zilezile. Kadi ya Visa ya benki yangu ya hapa Dar ilikubali. Kwa wasomaji wangu wa Kenya, mna M-Pesa GlobalPay, kadi ya Visa ya mtandaoni iliyoanza mwaka 2022, ijaribuni. Vitabu unavisomea kwenye kivinjari au kwenye programu yao. Jifunze maneno mawili kabla ya kuingia. "Tameshiyomi" ni kuonja: unasoma kurasa za mwanzo bila kulipa. "Muryou" ni bure, na mara nyingi juzuu ya kwanza ya hadithi ndefu hutolewa bure kwa siku chache ili uvutike. Mimi nina rafu nzima ya juzuu za kwanza.

Kama huna hela kabisa mwezi huu, nenda kwenye tovuti ya Shonen Jump+ ya kampuni ya Shueisha, iliyoanza 2014. Sura za mwanzo za hadithi nyingi zinafunguka bure kwenye kivinjari, kwa Kijapani. Kadokawa nao wana KadoComi kwa mtindo huohuo. Usichanganye na MANGA Plus, ingawa mwenyewe ni Shueisha huyohuyo. Ile ilianzishwa 2019 kwa ajili ya wasomaji wa nje: ina Kiingereza, Kihispania na lugha nyingine kadhaa, lakini Kijapani hamna. Rafiki yangu mmoja alihangaika wiki mbili akitafuta kitufe cha kubadili lugha ambacho hakipo.

Sasa nikwambie lililonikuta, maana liliniuma. Zamani nilikuwa nanunua kwenye duka jingine la mtandaoni, jina silitaji. Nilikusanya juzuu kumi na nne za hadithi moja, moja kila mwezi, kwa mshahara wangu wa kwanza wa kazi. Nikabadilisha simu. Kuingia upya, duka likataka kunithibitisha kwa namba ya simu ya Japani. Namba hiyo sina, niliandika barua pepe tatu, jibu likawa lilelile. Vitabu vyangu vyote kumi na vinne viko upande wa pili wa mlango huo mpaka leo, na ya kumi na nne sikuwa nimeifungua. Ndiyo maana nakusisitizia: karibu kila duka la kidijitali linakuuzia ruhusa ya kusoma, kitabu chenyewe kinabaki kwao. Nunua juzuu moja ya bei ndogo, toka kwenye akaunti, ingia tena kwa simu ya mtu mwingine, uone kama inafunguka. Ikikubali ndipo uongeze. Na usidanganye anwani. Sema uko Tanzania tangu mwanzo, ujue mapema kama wanakutaka au hawakutaki.

Karatasi ni habari nyingine, na hapo ndipo roho yangu ilipo. Juzuu ya kawaida ya manga za vijana ina kama kurasa 200, upana sentimita 11, urefu 17 hivi, inaingia kwenye mfuko wa koti. Dukani Japani mpya inauzwa kati ya yeni 500 na 600. Ina jalada la juu linalovuliwa. Livue taratibu, kwa sababu wachoraji wengi huficha kichekesho au picha nyingine kwenye jalada la ndani. Kwenye simu mara nyingi hicho hukioni.

Tatizo ni nauli. Vitabu vitano havifiki kilo moja, lakini ukivituma kwa njia ya haraka, posta itakula kuliko vitabu vyenyewe. Kwa hiyo mimi nanunua mtumba, na nanunua vingi kwa pamoja. Mandarake ni duka la mtumba la manga lililoanza 1980 ndani ya jengo la Nakano Broadway, Tokyo, na linatuma nje ya nchi. Mtumba wa Japani haufanani na huu wa soko la Karume wa kuchambua. Kitabu kilichokunjwa kona moja tu kinaandikwa kina kasoro na kinashushwa bei. Tafuta neno "zenkan", yaani juzuu zote za hadithi moja zikiwa zimefungwa pamoja. Kwa vitabu vipya, CDJapan nao wanatuma mpaka huku, na unachagua njia ya usafiri mwenyewe. Tukiungana watu watatu au wanne, nauli ikagawanywa, inavumilika. Hilo tumelifanya mara mbili hapa Dar na niko tayari kulifanya tena.

Na kuna njia ambayo ukoo wetu tunayo kuliko watu wengi: shangazi. Anakwenda Dubai kufuata mzigo, na ndani ya Dubai Mall kuna Kinokuniya, duka la vitabu la Kijapani ambalo asili yake ni Shinjuku, Tokyo, mwaka 1927. Lina manga za Kiingereza na za Kijapani, na kwa mtu asiyesoma Kijapani ni rahisi kuchanganya. Zote mbili zinafunguliwa kutoka kulia, majalada yanafanana, na mara nyingi zimefungwa nailoni huwezi kuchungulia. Mwambie ageuze kitabu atazame nyuma. Kitabu kilichochapwa Japani kina misimbopau miwili, mmoja juu ya mwingine, na namba yake ya ISBN, yaani namba ya utambulisho wa kitabu, inaanza na 978-4. Hiyo 4 ndiyo Japani. Shangazi anayeweza kujua kitenge halisi kwa kukigusa pindo tu hatashindwa na hilo.

Kuhusu zile tovuti za wizi ulizozitaja, zinazoweka manga bila idhini ya wenyewe, sitaki kukuficha ninavyoona. Mangamura, iliyokuwa kubwa kuliko zote kule Japani, ilifungwa 2018, na mwendeshaji wake akahukumiwa kifungo cha miaka mitatu mwaka 2021. Lakini sisemi kwa kuogopa mahakama. Mchoraji wa manga anakaa mezani usiku kucha anachora nywele moja moja. Nikiweza kulipa, nalipa. Nisipoweza, nasoma za bure zilizotolewa kwa ridhaa yake, nazo ni nyingi kuliko muda nilionao.

Usianze na ile ya samurai unayoipenda. Jifunze kwanza hiragana na katakana, herufi 46 kila moja, mwezi mmoja unatosha ukikaza. Kisha chagua manga yenye furigana, zile herufi ndogo zinazowekwa pembeni ya kila kanji (alama zenye asili ya Kichina) kukuonyesha inavyosomwa. Manga za wavulana na wasichana huwa nazo. Za watu wazima mara nyingi hazina, na bila furigana hata kamusi huwezi kuitumia kwa urahisi. Onja kwa tameshiyomi, kuza picha kwenye simu, uzione kwa macho yako. Mimi ningekupa Yotsuba to! ya Azuma Kiyohiko, iliyoanza 2003: mtoto wa kike, baba yake, majirani, soko, mvua. Maneno yake ni ya nyumbani. Utasoma ukurasa mmoja kwa saa nzima mwanzoni, na ni sawa. Mimi wa kwanza ulinichukua jioni mbili.

Shangazi anaondoka Alhamisi ijayo. Nitumie majina mawili, yasizidi mawili maana begi lake halina nafasi, yaandikwe kwa Kijapani, na kila moja uweke ile namba ya 978-4. Nimempigia simu tayari, amesema nimwandikie kwa herufi kubwa.

Dada yako,
Dar es Salaam