Blanketi la sufu limenywea: kilichotokea, na jinsi ya kulifua lisinywee

Mama mmoja wa Nakuru alifika karakanani kwetu asubuhi, akaweka mfuko juu ya meza, akanyamaza. Ndani mlikuwa na blanketi tulilomfumia miezi mitatu kabla, la kitanda cha futi 5 kwa 6, rangi ya maziwa na mistari ya kahawia pembeni. Sasa lingetosha kitanda cha mtoto tu. Lilikuwa nene, gumu, mistari imepinda, na hata ukilikazia macho huoni tena uzi mmoja mmoja. "Mwanangu," akasema, "nimelifua mara moja tu, tena kwa sabuni nzuri."

Nilimuuliza alivyolifua. Maji ya moto, sabuni ya unga, mashine ya kufulia, kisha suuza ya maji baridi. Ndivyo mtu mwenye bidii ya usafi anavyofua shuka zake za pamba, na hakuna aliyemwambia kwamba sufu ni kitu kingine. Kosa hilo ni letu. Siku hizi kila blanketi hutoka hapa na karatasi ya maelezo, lakini karatasi ni ndogo na jambo lenyewe lina mengi, kwa hiyo nimeamua kulieleza hapa kwa kirefu.

Kwanza tuelewane kuhusu jina, maana wateja wetu wa Mombasa huchanganya mara kwa mara. Sufi ile inayojazwa kwenye mito na magodoro hutoka kwenye tunda la msufi, ni mmea. Sufu ni nywele za kondoo. Imeumbwa kwa keratini, protini ileile ya nywele zako na kucha zako, na tabia zake zote, nzuri na za kusumbua, zinatokana na hapo.

Ukiutazama unywele wa kondoo kwa hadubini, utaona umefunikwa na magamba madogo yaliyopangana kama vigae vya paa, ncha zote zikielekea nje, mbali na ngozi. Ukipitisha kidole kutoka shinani kwenda nchani unateleza; ukirudi nyuma unakwaruza. Waliokulia Mau Narok kwenye mashamba ya shayiri wanaujua mchezo wa watoto wa kutia suke kwenye mkono wa shati: kila ukitikisa mkono suke linapanda, halirudi chini hata ufanyeje. Nywele za sufu ndani ya maji hufanya vivyo hivyo. Zikilowa na kupata joto hulainika, magamba yakainuka kidogo. Zikisuguliwa, kila unywele unasogea upande mmoja tu, magamba yanashikana na ya jirani, na hakuna njia ya kurudi. Blanketi linajivuta ndani, linakuwa dogo na nene. Hiyo ndiyo felti, na watu wa Mongolia huitengeneza kwa makusudi kufunikia mahema yao. Mashine ya mama yule ilifanya kazi hiyo kwa ustadi kabisa.

Joto peke yake halinywezi sufu. Jambo hili wengi hawaliamini. Sisi wenyewe tunafua manyoya ghafi kwenye maji ya nyuzijoto 60 hivi, na hayanywei, kwa sababu hatuyakorogi. Tunayazamisha taratibu, tunayaacha, tunayatoa. Msukosuko ndio adui mkubwa; joto na sabuni kali humsaidia tu. Kuhamisha nguo kutoka maji ya moto hadi baridi huku ukiisugua kunazidisha mambo, lakini bila kusugua madhara ni machache.

Kwa hiyo fua hivi. Chukua beseni kubwa au karai, maji ya uvuguvugu ambayo mkono hauyasikii moto wala baridi. Tia shampuu kidogo. Kinachofaa nywele zako kinafaa sufu. Zamisha blanketi, libonyeze kwa viganja mpaka maji yapenye, liache robo saa. Usisugue, usikamue kwa kulisokota. Lisuuze kwa maji ya joto lilelile. Lisipokwisha povu, badilisha maji, bonyeza tena. Kisha likunje ndani ya taulo kubwa, ukanyage juu yake kwa miguu mitupu ili taulo inywe maji, halafu ulitandaze kivulini, juu ya mkeka au kichanja. Ukilianika kwenye kamba likiwa zito kwa maji, litavutika urefu.

Sabuni ya kipande na magadi viweke mbali, kwa sababu ualikali hudhoofisha keratini. Sabuni za unga zenye vimeng'enya vya kuondoa madoa ya damu na maziwa pia si rafiki: vimeng'enya hivyo kazi yake ni kumeng'enya protini, na sufu ni protini. Na dawa ya klorini, ile tunayoita jiki, usiikaribishe hata tone. Haifanyi sufu iwe nyeupe. Inaiyeyusha. Ukitaka kuona, tia uzi wa sufu kwenye kikombe cha jiki jioni, na asubuhi utafute uzi wako.

Wapo watakaosema wana sweta ya sufu ya dukani wanayoitia kwenye mashine kila wiki na haijawahi kunywea. Inawezekana. Viwanda vingine huyaondoa yale magamba kwa klorini, kisha vikaupaka uzi utando mwembamba wa plastiki ili uteleze. Sisi hatufanyi hivyo, na sikusudii kuanza. Magamba hayo ndiyo yanayofanya blanketi lisiloweshwe upesi na umande.

Jambo zuri ni kwamba sufu haihitaji kufuliwa mara kwa mara. Inaweza kunywa unyevu hadi karibu theluthi ya uzito wake kabla hujausikia mkononi, na inapounywa hutoa joto kidogo, ndiyo maana usiku wa ukungu wa Kinangop blanketi la sufu halikuachi na ule ubaridi wa kunata. Mara nyingi linachohitaji ni upepo tu. Lianike nje asubuhi moja kwa wiki, ulikung'ute, basi. Kabla ya kuliweka kabatini kwa miezi mingi ndipo ulifue, kwa sababu nondo hutaga mayai palipo na jasho na mabaki ya chakula, na viluwiluwi vyao ndivyo hutoboa mashimo.

Swali la pili linalonifikia kila wiki ni bei. Kwa nini blanketi letu linagharimu mara kadhaa ya lile la sokoni? Jibu linaanzia mgongoni mwa kondoo.

Si kila kondoo ana sufu. Kondoo mwekundu wa Kimaasai, mnyama hodari anayestahimili minyoo kuliko karibu wote, ana nywele fupi tu. Dorper anayefugwa sana Kajiado na Laikipia alizalishwa Afrika Kusini kwa ajili ya nyama, na koti lake hupukutika lenyewe. Wafugaji huniletea magunia ya manyoya ya Dorper nami huyakataa, na naona wanavyovunjika moyo. Nywele zake ni fupi, zimechanganyika na ngumu zisizoshika rangi, na uzi wake hukatika. Kondoo wetu ni Corriedale, wa Nyandarua na wa Molo. Aina hii ilianzia New Zealand, Merino akichanganywa na Lincoln, na hutoa nyama na sufu pamoja. Unywele wake una upana wa maikroni 25 hadi 31 (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Merino mzuri yuko chini ya 20. Nakutajia hizi namba kwa sababu ya kuwasha: nywele zenye upana unaozidi maikroni 30 hivi hazipindi zinapogusa ngozi, zinachoma kama visindano. Ndiyo maana blanketi letu ni la kufunika juu ya shuka, na hatumfumii mtu fulana ya ndani. Ukiniomba, nitakukatalia kwa heshima.

Kondoo hunyolewa mara moja kwa mwaka. Hulala bila kula usiku wa kuamkia, kwa kuwa anageuzwa na kukalishwa kitako, na tumbo lililojaa humsumbua. Lazima awe mkavu. Manyoya yakifungwa na unyevu huvunda ndani ya gunia. Mnyoaji mzuri hupita mara moja karibu na ngozi, na manyoya yote hutoka pamoja kama shuka moja. Mnyoaji asiyejua hukata juu juu, akiona amebakiza anarudi tena, na zile nywele fupi za mkato wa pili ndizo baadaye hufanya vidonge juu ya blanketi lako.

Tunatandaza shuka hilo la manyoya kwenye meza ya wavu na kuondoa kingo: tumbo, miguu, palipo na kinyesi, palipojaa kishona nguo. Kisha nachomoa kishungi kimoja, nakishika ncha mbili, nakivuta kwa nguvu karibu na sikio. Kikilia kama kamba ya gitaa, ni kizima. Kikitoa sauti ya kupasuka, kuna mahali unywele ulisinyaa, wakati kondoo aliumwa au alikosa malisho. Manyoya tuliyonunua Laikipia baada ya ukame wa 2022 yalipasuka karibu yote mahali pamoja. Ungeweza kuonyesha kwa kidole sehemu ya unywele iliyoota wakati wa njaa.

Wafugaji mnaotuuzia, nawaomba jambo moja, tena nawaomba sana: msituletee manyoya kwenye magunia ya plastiki. Nyuzi zake hupukutika na kuingia kwenye sufu, hazionekani, hazichukui rangi, na tunazigundua blanketi likiwa limekwisha. Binti mmoja hapa alikaa siku nzima akizing'oa kwa koleo. Tumieni mifuko ya kitambaa tunayowapa bure, na alama ya kondoo msiweke kwa rangi ya mafuta, haitoki milele.

Sasa hesabu. Manyoya ghafi yamebeba lanolini, ambayo ni nta ya ngozi ya kondoo, pamoja na chumvi za jasho, vumbi na majani. Vikishatoka kwenye maji ya moto, theluthi moja hadi nusu ya uzito imekwenda nayo. Lanolini huyeyuka kwenye nyuzi 40 hivi, ndiyo sababu ya maji yale ya 60, na lazima manyoya yatolewe kabla maji hayajapoa, la sivyo nta inarudi juu ya sufu. Kisha tunachambua kwa vidole, tunachana kwa mbao zenye meno ya waya mpaka nywele zilale laini, na hapo tena kuna za kutupa. Blanketi la kilo 2 linakula zaidi ya kilo 4 za manyoya.

Halafu kusokota. Msokotaji wetu mzoefu, kwenye gurudumu la kanyagio, hutoa gramu 100 hivi kwa saa kwa uzi wa blanketi. Kilo 2 ni saa 20, bila kuhesabu kutia rangi ya maganda ya vitunguu na shabu, kutandika mtande, yaani zile nyuzi za urefu, na siku mbili za kufuma. Ukigawanya bei yetu kwa saa hizo utaona hakuna anayetajirika hapa. Nataka tu wanawake wanaosokota walipwe kila wiki, si pale blanketi litakapouzwa.

Blanketi la bei ndogo sokoni huwa ni la akriliki, yaani uzi wa plastiki wa kiwandani, hata likiandikwa vingine, na shuka nyingi za Kimaasai siku hizi ni akriliki au pamba. Hakuna ubaya kulinunua ukijua unachonunua. Ukitaka hakika, chomoa uzi mmoja pembeni, uushike kwa kibanio na uuwashe juu ya sinia. Sufu inanuka nywele zilizoungua, moto unazimika wenyewe ukiuondoa, na majivu meusi yanasagika vidoleni. Akriliki inayeyuka, inadondoka, ikipoa inakuwa tone gumu. Usiufanyie jaribio hilo karibu na pazia.

Kama huna muda au nafasi ya kufua, tuletee kazi hiyo. Tunafua mablanketi ya sufu kila Alhamisi, yawe yetu au ya kwingine, hata yale ya zamani ya Raymond kutoka Eldoret ambayo wengi tulilelewa ndani yake. Kabla ya kuyapokea tunayapima urefu na upana mbele yako na kuandika kwenye stakabadhi.

La mama wa Nakuru halikuweza kurudishwa, na lililokwisha kuwa felti halifumuki. Tulimwomba ruhusa tukalikata: jozi mbili za malapa ya ndani, kifuniko cha birika, na mkeka mdogo wa mjukuu anayejifunza kutambaa. Blanketi lake jipya liko kwenye mtande tangu Jumatatu. Mistari ya kahawia amesema safari hii anaitaka mipana zaidi.