Aksanti kwa ule dada wa foleni ya farmasi, Kadutu (Bukavu)

Dada, jina yako sikuuliza. Ile siku nilikuya kununua diclofenac, dawa ya maumivu ya magoti, na niko na ugonjwa ya moyo, tansio na sukari vyote pamoja, miguu ilivimba mpaka kiatu ya kushoto nilikuwa nakanyaga kisigino kama ndara, ukaangalia chini ukaniuliza "mama, unamezaka dawa gani zingine?" Nikakuonyesha kikaratasi. Ukasema hiyo ya magoti inashikaka maji mwilini, inapandisha tansio, inachokesha figo, nione muganga kwanza. Muganga naye akasema vilevile, akanibadilishia na paracetamol.

Na ile maneno ya kilo uliniambia, kwamba zikipanda mbio ni maji inajaa mwilini! Sasa kila asubuhi nikitoka kukojoa napanda balansi mbele ya chai, naandika kwa kaye ya mutoto. Mwezi uliopita kilo 2 zikaongezeka kwa siku 3, nikakimbia hospitali mapema, hata sikulazwa. Sambaza za chumvi, zile samaki ndogo, nimeacha, ila bwana yangu anazikula mbele yangu bila haya.

Basi aksanti sana. Ukinikuta njiani, mimi ndiye ule wa kiatu ya kukanyaga.